Habari ya Kifungo Kidogo

Katika kurasa hizi waalimu wenzetu huandika habari za mambo makubwa, kama malezi ya watoto, na kilimo, na ibada ya nyumbani. Leo sisi twaomba ruhusa tuandike habari ya kitu kidogo sana, ambacho kikianguka sakafuni hutafutwa kwa taa. Nacho ni kile kifungo cha madini chenye vipande viwili, kimoja kina kichwa na kimoja kina tundu, ambacho hakipitishwi katika kitanzi wala katika tundu la nguo, bali hubonyezwa tu, kikalia "ta," kikashika. Mafundi wa cherehani wa kwetu huviita vipande hivyo dume na jike. Wengi wenu mmekiona katika nguo za watoto wachanga, na katika mikoba, na katika makoti ya mvua. Sisi nasi tulikuwa tumekiona miaka mingi, wala hatukukifikiri hata mara moja, mpaka tulipofundishwa na mzee mmoja ambaye vidole vyake haviwezi kushika sindano.

Mzee huyu ni wa kanisa letu. Katika ujana wake alishikwa na ukoma, akakaa nao miaka mingi kabla hajapata dawa. Siku hizi ugonjwa huo waponyeka: mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri wagonjwa wapewe dawa kadhaa kwa pamoja, na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure. Mzee wetu alizimeza zote, akapona kabisa, wala hawezi kumwambukiza mtu. Lakini dawa huua vijidudu tu. Mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika hairudi. Vidole vya mkono wake wa kuume vimebaki vipande, na vya mkono wa kushoto vimejikunja kama kucha za mwewe aliyeshika kifaranga. Tena ngozi ya viganja vyake haisikii moto wala mwiba.

Alipokuwa na mkewe hatukujua shida yake. Mama yule ndiye aliyemfunga vifungo kila asubuhi, na kumfungua kila jioni, wala hakuna jirani aliyeambiwa. Mama alipofariki, mzee alibaki nyumbani na mwanawe na mke wa mwanawe. Mwana ni mlinzi wa usiku, na siku ya Jumapili hurudi ibada ikiwa imekwisha kuanza. Mke wa mwana ni mtu mwema, humpikia mzee, humfulia, na kumchotea maji ya kuoga. Lakini mwazijua adabu zetu: mke wa mwana haweki mkono wake juu ya kifua cha baba mkwe, hata kama hakuna mtu mwingine nyumbani.

Basi tukaona mzee anakuja kanisani amejifunika blanketi, hata siku za joto kali, anakaa karibu na mlango. Na siku ya Meza ya Bwana, watu walipoanza kwenda mbele, yeye aliinuka akatoka nje. Ikawa hivyo mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Sisi waalimu tukanong'onezana kwamba huenda mzee amepoa katika imani, au ana kinyongo na mtu. Mmoja wetu, alipopewa zamu ya kufundisha, alisema maneno makali juu ya watu wanaoidharau Meza. Alisema huku akitazama mlangoni.

Jumapili ile mzee alitungoja chini ya mwembe. Tukamwambia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, wanangu." Kisha akasema kwa upole, "Waalimu, maneno yenu ya leo nimeyasikia, nami najua yalikuwa yangu. Lakini nitazameni." Akalisukuma blanketi kwa kisigino cha mkono, likaanguka. Shati lake lilikuwa safi, limepigwa pasi vizuri, nalo lilikuwa wazi toka shingoni mpaka kitovuni. "Vifungo ni sita," akasema. "Leo nilianza cha kwanza jogoo akiwika, kengele ya kanisa ikalia sijakimaliza. Je, niende mbele ya Meza ya Bwana na kifua wazi, kama mtu aliyetoka kupigana?"

Hatukuwa na jibu. Wazee wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; na sisi kitanda hiki tulikuwa tumekihukumu bila kukigusa. Jioni tukajaribu kufunga shati kwa ngumi iliyokunjwa, tusitumie vidole. Hatukuweza kufunga hata kifungo kimoja. Kifungo cha kawaida chataka vidole vitatu: viwili vikishike kifungo, na cha tatu kifungue tundu. Mwenye vidole huona ni kazi ya mara moja. Asiye navyo huona ni mlima.

Asubuhi tukaenda kwa fundi cherehani, tukamweleza. Fundi alifikiri kidogo, akatuonyesha mkoba wa mtoto wa shule, akaubonyeza kifuniko chake kwa kiwiko cha mkono: "ta." Tukafurahi kama watu waliookota fedha. Tukanunua sokoni vifungo sita vya namna ile, vikubwa, vya kung'aa, vya kugongewa kwa nyundo, tukamwambia fundi avitie katika shati la mzee upesi. Wala hatukumuuliza mzee neno.

Hapa twapasa kuungama kosa letu. Jumapili iliyofuata mzee alikuja bila blanketi, kifua kimefungwa. Tukatazamana kwa furaha. Katikati ya wimbo mtoto mmoja akamvuta mama yake akaonyesha kwa kidole: kitabu cha nyimbo cha mzee kilikuwa na damu. Jino moja la madini halikulala vizuri chini ya nyundo, lilichomoza nje kama mwiba, na mzee alipokibonyeza kifungo kwa kiganja, alikata nyama asisikie. Shati nalo lilikuwa limeraruka mahali pawili. Kidonda kile kilimpeleka zahanati majuma matano, kwa maana mkono usiosikia maumivu haujui kujipumzisha. Yeye hakutulaumu. Alisema tu, "Kifungo chenu kina nguvu kuliko mimi."

Neno hilo halikutuacha. Tukaanza kusoma na kuuliza, tupate kujua kifungo hiki kilivyo, nani alikibuni, na kwa nini chetu kilimdhuru mzee. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Mwaka 1885 mtu mmoja, jina lake Heribert Bauer, wa mji wa Pforzheim katika Ujerumani, mji wenye sifa ya mafundi wa dhahabu na vito, alipata hati ya kuulinda uvumbuzi wake wa kifungo chenye kamani ndani. Yeye alikikusudia kwa suruali za wanaume. Katika miaka ile ile, huko Grenoble katika Ufaransa, mji wa washona glavu, mtengenezaji mmoja wa jina la Raymond naye alifanya kifungo cha kubonyeza, kwa kuwa glavu hubana sana kiganja, na kifungo cha kawaida huwa taabu hata kwa mtu mzima wa mikono, maana hufungwa kwa mkono mmoja. Yaani tangu mwanzo kifungo hiki kilitafutwa kwa ajili ya mkono usio na nafasi ya kufanya kazi yake. Tuliposoma hayo tulimkumbuka mzee wetu.

Mwaka 1903 Hans Prym wa Stolberg, naye Mjerumani, alikitengeneza upya, akatia ndani ya jike waya nyembamba za shaba iliyochanganywa na bati, zilizopindwa mfano wa herufi S. Na katika mji wa Prague, mwaka 1902, Jindřich Waldes na mwenzake Hynek Puc walianzisha kazi yao. Kutia kamani ndani ya kila kifungo ilikuwa kazi ya mikono, kazi ya kuumiza macho. Puc akabuni mashine ya kuifanya. Vifungo vyao vikaenda nchi nyingi za dunia. Lakini ndugu Waldes alikuwa Myahudi. Mwaka 1939, majeshi ya Hitler yalipokuwa yameishika Prague, alikamatwa, akapelekwa kambi ya Buchenwald. Jamaa zake walilipa mali nyingi akombolewe, akaachiliwa mwaka 1941, akafariki mwaka ule ule njiani kwenda Marekani. Katika lugha yetu neno kifungo ni la nguo, na ni la gereza pia. Mtu huyu aliyewapa watu mamilioni vifungo vinavyofunguka upesi, alifungwa kifungo ambacho wenye nguvu hawakutaka kukifungua.

Sasa tueleze namna kinavyofanya kazi, maana ndipo lilipokuwa kosa letu. Dume lina kichwa kilichovimba na shingo nyembamba. Jike lina tundu, na ndani ya tundu mna kamani: ama waya mbili zilizokaa sambamba, ama pete ya waya iliyokatwa mahali pamoja. Kichwa kikisukumwa, waya hutanuka zikakipisha. Kikisha kupita, waya hurudi zikaikumbatia shingo. Hapo ndipo husikika ule mlio wa "ta." Kukifungua ni kukivuta moja kwa moja kwenda juu, au kukibandua kwa kuanzia ukingoni. Lakini ukizivuta nguo mbili kwa ubavu, kila moja upande wake, kifungo hushika sana, kwa kuwa shingo hujiegemeza kwenye ukuta wa tundu. Kwa hiyo mtu aweza kupumua, kuinama, na kunyosha mikono, kifungo kisifunguke. Naye akitaka kukifungua, hushika ukingo tu.

Kama mlivyoona, nguvu yote imo katika kamani. Mtengenezaji akitaka kifungo cha turubai au cha koti la ngozi, hutia kamani ngumu. Akitaka cha nguo ya mtoto, hutia laini. Nayo sheria ya kwanza ya kazi hii ni kwamba kamani isiwe na nguvu kupita kitambaa. Ikipita, mtu akivuta, kitambaa hutangulia kuraruka kabla kifungo hakijaachia. Huko Marekani kuna mashati ya wachunga ng'ombe yenye vifungo vya namna hii, yaliyoenezwa sana na Jack A. Weil wa Denver, ambaye alianza biashara yake mwaka 1946. Watu husema ya kuwa sifa yao ni hiyo: shati likinaswa na pembe au na tandiko la farasi, kifungo huachia, na mtu huokoka wala shati halipotei. Kifungo kizuri basi si kile kisichofunguka kamwe. Ni kile kijuacho wakati wa kushika na wakati wa kuachia.

Sheria ya pili ni ya unene. Vifungo vya kugongwa hushikamana na nguo kwa namna mbili. Vingine vina mguu unaopita katika nguo, ukapondwa upande wa pili kama ribiti. Vingine vina pete yenye meno, yanayotoboa nguo na kujikunja ndani. Mguu mrefu katika kitambaa chembamba hupinda upande. Mguu mfupi katika kitambaa kinene haufiki. Meno nayo yasipopata unene wake hayajikunji sawa, hubaki yamechomoza. Sisi tulichukua vifungo vilivyofanywa kwa ajili ya turubai, tukavigonga katika shati jembamba la pamba. Kumbe fundi wetu hakukosa, wala nyundo haikukosa. Ni sisi tuliochagua kwa kung'aa.

Sheria ya tatu ni ya ukubwa na madini. Wafanyabiashara hupima vifungo kwa kipimo kiitwacho laini, na laini 40 ni inchi moja. Kifungo cha laini 24 basi upana wake ni kama milimita 15. Vizuri hufanywa kwa shaba ya manjano, au kwa chuma cha pua kisichoshika kutu. Vya chuma cha hivi hivi huacha alama ya kutu katika nguo baada ya kufuliwa mara chache. Vingi hupakwa nikeli ili ving'ae. Lakini wako watu ambao ngozi yao haipatani na nikeli, huota upele penye kifungo. Ndiyo sababu mwaka 1994 Jumuiya ya Ulaya ilitunga sheria ya kupunguza nikeli katika vitu vinavyogusa ngozi muda mrefu. Kwa mtu ambaye ngozi yake haimwambii kitu, jambo hilo lataka uangalifu zaidi.

Tulipokwisha kujua hayo, tulifanya jambo ambalo tungalilifanya kwanza: tulikwenda kwa mzee pamoja na fundi, tukaketi barazani kwake, tukamwomba atuonyeshe mikono yake yaweza nini. Akatuonyesha. Haiwezi kubana, lakini yaweza kusukuma. Haiwezi kushika ukingo, lakini kidole kilichokunjwa chaweza kuvuta kitanzi, kama ndoana. Haiwezi kusikia, lakini, mzee akacheka, "masikio yangu ni ya kijana." Fundi alinyamaza muda, akasema, "Mzee, wewe ndiwe fundi. Mimi nitashona tu."

Shati la pili basi lilishonwa hivi. Nusu ya chini, toka kitovuni, ilishonwa ikafungwa kabisa, ili mzee alivae kwa kupitisha kichwani kama kanzu. Hivyo pande mbili za kifua hukaa mahali pake zenyewe, na dume hulikabili jike lake bila kutafutwa. Nusu ya juu ikatiwa vifungo vitatu tu, vidogo, vya kushonwa kwa uzi katika matundu manne, vyenye kamani laini. Havina jino wala mguu. Kingo zake ni za mviringo. Chini ya kila kifungo fundi alitia kitambaa kilichokunjwa mara mbili, ili uzi uwe na mahali pa kushika. Katika ukingo akatia vitanzi vidogo vya utepe, upande wa ndani visionekane, kwa ajili ya kile kidole cha ndoana. Na juu, upande wa nje, akashona vifungo vya kawaida visivyofanya kazi yo yote ila kumfanya mzee afanane na wenzake. Mzee mwenyewe ndiye aliyeomba hivyo. Alisema, "Sitaki shati la mgonjwa."

Kabla ya kumpa, tuliubonyeza kila kifungo na kukifungua mara hamsini, na fundi alipitisha soksi ya hariri ya mkewe juu ya kila ukingo, tuone kama itanasa. Haikunasa. Kisha mzee akalivaa mbele yetu. Akaweka kisigino cha mkono juu ya kifua, akainamisha kichwa kama mtu asikilizaye mlango, akasukuma. "Ta." Akashuka chini kidogo. "Ta." Cha tatu hakikulia. Akarudia, hakikulia. Tukataka kumsaidia, fundi akatuzuia kwa macho. Mzee akasogeza mkono upana wa punje ya mchele, akasukuma tena. "Ta." Akainua uso, wala hakusema kitu, nasi hatukusema kitu.

Jumapili ya Meza ya Bwana alikwenda mbele pamoja na watu. Hapakuwa na aliyestaajabu, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kutazama: mzee mmoja, na shati jeupe, na vifungo vimekaa mahali pake. Yule mwalimu aliyesema maneno makali alikuwa amekwenda nyumbani kwake jana yake kumwomba radhi. Mzee alimjibu, "Mwanangu, kifungo cha kwanza kilinifunga, na kile cha damu kilinikata, na hiki kimenifungua. Vyote vimetoka kwenu. Msichoke."

Tangu siku hiyo wamekuja wengine kwa fundi: mama mmoja aliyepooza upande, na kijana aliyepoteza mkono katika mashine ya kusaga. Kila mmoja shati lake limekuwa mbali na la mwenzake, maana mikono yao si mamoja.

Basi, wasomaji wetu, ninyi mnaoshona kwa ajili ya wazee, au wagonjwa, au watoto wachanga, twawaomba mkumbuke machache. Chagueni kifungo kwa kitambaa, wala si kwa kung'aa kwake. Kivuteni kwa nguvu kabla ya mtoto hajakivaa, kwa kuwa kikitoka katika nguo kitaingia kinywani, na kutoka kinywani chaweza kumziba koo. Pitisheni kidole penye kila ukingo. Na kama mvaaji hana ngozi yenye kusikia, pitisheni mara mbili, maana kidole chenu ndicho kitakachosikia kwa niaba yake.

Na neno la mwisho ni letu sisi waalimu. Miezi kumi na moja mzee yule alikaa karibu na mlango, umbali wa hatua ishirini toka mahali tunaposimama kufundisha. Vifungo vile vilikuwa vikiuzwa sokoni siku zote, kwa bei ya mkate. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza, "Mzee, mbona blanketi?" Nasi tulikuwa watatu, wenye vinywa vizima.